Chakula Ambacho Mtoto Hawezi Kukimeng'enya

Katika maziwa ya mama mna sukari maalumu, zaidi ya aina mia moja, ambazo mtoto mchanga hana uwezo wa kuzimeng'enya. Hupita tumboni na kwenye utumbo mwembamba, zikafika utumbo mpana karibu kama zilivyotoka titini. Kwa wingi hushika nafasi ya tatu baada ya laktosi na mafuta, na zimejaa zaidi katika dang'a, yale maziwa mazito ya njano ya siku za mwanzo. Mama hutumia nguvu za mwili wake kutengeneza chakula ambacho mwanawe hakitumii. Walaji wake ni bakteria.

Wakuu kati yao ni bifidobakteria, ambao Henri Tissier wa Taasisi ya Pasteur, Paris, aliwatambua kwenye choo cha watoto wanaonyonya mwishoni mwa karne ya 19. Wakila sukari hizo hutoa asidi, na vijidudu vingi vya kuharisha haviwezi kustawi kwenye utumbo wenye asidi. Kwa hiyo maziwa ya mwanzo yanapokamuliwa na kumwagwa eti ni machafu, au kichanga anapoanzishiwa uji kabla ya miezi sita, mtoto hupoteza lishe na ulinzi kwa pamoja.

Uzito wa jambo hili ulionekana wazi Malawi. Jeffrey Gordon wa Chuo Kikuu cha Washington, St. Louis, na wenzake walifuatilia jozi 317 za pacha hadi walipofikisha miaka 3, wakatoa matokeo mwaka 2013. Pacha hulala nyumba moja, hunyonya mama mmoja, hula sima ya sufuria moja. Hata hivyo, katika asilimia 43 ya jozi hizo mmoja alipata utapiamlo huku mwenzake akisalimika. Wapo waliopata kwashakoo: miguu imevimba, ukiibonyeza kwa kidole shimo linabaki.

Watafiti walichukua bakteria wa kinyesi cha pacha mgonjwa na wa mwenzake mzima, wakawapandikiza kwa panya waliolelewa bila kijidudu chochote. Panya hao wakalishwa mlo wa Kimalawi, unga wa mahindi na mboga. Waliobeba bakteria wa mtoto mgonjwa walikonda vibaya. Walipopewa chakula dawa cha karanga walipata nafuu, lakini waliporudishiwa unga wa mahindi nafuu ile haikudumu. Wenzao waliobeba bakteria wa pacha mzima walikula unga uleule na hawakudhoofika kiasi hicho. Mlo duni ulidhuru zaidi ulipokutana na bakteria wasiofaa, na hapo ndipo ninapoona kasoro ya kupima lishe ya mtoto kwa kalori tu.

Watoto wa Dhaka, Bangladesh, wametupa ushahidi mwingine. Mtoto mwenye utapiamlo huwa na bakteria wanaofanana na wa mtoto mdogo kuliko yeye: umri unasonga, wao wamekwama. Gordon na wenzake wa huko walitengeneza mchanganyiko wa dengu, soya, karanga na ndizi mbichi, waliouchagua kwa sababu unawalisha bakteria wanaotakiwa kukomaa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kuwa watoto waliokula mchanganyiko huo waliongezeka uzito vizuri kuliko waliokula chakula cha kawaida cha nyongeza, ingawa hicho cha kawaida kilikuwa na kalori nyingi zaidi. Vyakula vyote vinne vinapatikana katika masoko yetu.

Huku kwetu Pwani ya Kenya, Kwale, utafiti mwingine ulihusu madini ya chuma. Upungufu wa damu kwa watoto ni tatizo kubwa, na kutia chuma kwenye uji wa mahindi ni jambo la lazima. Ila sehemu kubwa ya chuma hicho hainyonywi na mwili. Huteremka utumbo mpana, ambako bakteria wa kuharisha hukigombania, ilhali bifidobakteria hawakihitaji sana. Katika utafiti huo wa Kwale, uliochapishwa mwaka 2017, watoto waliopewa unga wa chuma peke yake walipungukiwa na bifidobakteria. Waliotiliwa pia sukari zitokanazo na laktosi, zinazofanya kazi kama zile za maziwa ya mama, waliepuka sehemu kubwa ya madhara hayo. Wanaopanga bajeti za uji wa lishe katika kaunti na mikoa yetu wahesabu sukari hizo pamoja na chuma, na mama aendelee kunyonyesha mtoto anapokula uji huo, hadi miaka miwili na zaidi.