Utulivu wa Mzigo Uvutwao

Kusini mwa Kibera, ng'ambo ya nyumba za mwisho na bonde la Bwawa la Nairobi, ipo barabara pana iitwayo Southern Bypass, ambayo usiku na mchana hupitisha matrela yatokayo Mombasa yakielekea Kikuyu, Nakuru, Eldoret na hatimaye mipakani Malaba na Busia, yakiwa yamepakia ngano, saruji, mafuta na makontena. Na upande wa huku, katika vichochoro vya Makina, Laini Saba na Gatwekera, hupita chombo kingine cha kuvutwa, nacho ni mkokoteni, wenye magurudumu mawili na ekseli moja iliyong'olewa katika gari kuukuu, ukivutwa na binadamu. Aghalabu watu hawavitazami vyombo hivi viwili kuwa ni vya jamaa moja. Lakini atakayechunguza jinsi uzito unavyokaa, jinsi mshtuko wa barabara unavyosafiri toka gurudumuni hadi kwa mvutaji, na jinsi mvutaji mwenyewe anavyochoka au kusalimika, ataona kwamba vyote viwili vinatawaliwa na kanuni zile zile, na kwamba tofauti iliyo kubwa ni hii: trela limepewa chuma, springi na hewa ya kuupokea mshtuko, ilhali mkokoteni, ukiacha tairi zake, haukupewa kitu ila mabega na kiuno cha hamali auvutaye.

Tulitazame trela kwanza, maana huko ndiko elimu ilikokusanyika. Trela la namna hii halina magurudumu ya mbele. Kichwa chake hulala juu ya mgongo wa lori, juu ya sahani nzito ya chuma iliyopakwa grisi, yenye mwanya wa kuupokea msumari mnene, yaani pini, ambao kwa kawaida una upana wa inchi 2, utokao chini ya trela na kufungwa humo kwa komeo. Asili ya chombo hiki katika zama za magari hutajwa kuwa kazi ya mhunzi mmoja wa Detroit, August Fruehauf, ambaye mwaka 1914 aliombwa na mfanyabiashara wa mbao, Frederick Sibley, amtengenezee kitu cha kuvutwa na gari dogo la Ford ili aipeleke mashua yake ziwani. Na kitu hicho kilipofaulu, yule mfanyabiashara akataka vingine vya kuchukulia mbao zake, na kutoka hapo biashara ikaenea dunia nzima.

Siri ya utulivu wake ni mahali ilipowekwa ile sahani. Haikuwekwa mkiani mwa lori, ambako uzito ungelining'inia na kulipepesua lori kulia na kushoto kila upepo uvumapo, bali iliwekwa juu ya ekseli ya nyuma, au mbele yake kidogo, hata sehemu ya uzito wa trela ikawa mzigo wa lori lenyewe na kuyakandamiza magurudumu yake barabarani. Huko Marekani, ambako watu huvuta nyumba za safari kwa magari ya pikapu yaliyofungwa sahani ya namna hiyo hiyo, wajuzi hushauri kwamba kiasi cha asilimia 15 hadi 25 ya uzito wa trela kikae juu ya pini. Kikipungua, trela huyumba, na kikizidi, gari huinama nyuma na magurudumu ya mbele hupoteza mshiko wake.

Hata hivyo kuwekwa mahali pema hakutoshi. Kila gurudumu la trela lipitapo juu ya tuta au shimo, trela zima hudunda, na mdundo huo hufika kwenye pini, kisha humsukuma na kumvuta dereva mbele na nyuma katika kiti chake, hata mtu akamaliza safari ya kilomita 480 toka Mombasa hadi Nairobi akiwa kama aliyepigwa. Sababu zake ni kadhaa na zote zina dawa. Pini na komeo vilivyolika huacha nafasi ya kugongana, na hilo hutibiwa kwa kukaza au kubadilisha, na kwa grisi. Springi za mabamba, zilizofanywa ngumu ili zihimili tani nyingi, hazijui kujipinda trela liwapo tupu, ndiyo maana trela lisilo na mzigo hupiga kelele na kurukaruka kupita lililojaa. Na kwa ajili hiyo matrela mengi ya siku hizi yamefungwa mabaluni ya mpira yajazwayo hewa, ambayo huongezwa hewa mzigo uwapo na kupunguzwa usipokuwapo, pamoja na shokabsoba, vile vipipa vyembamba vyenye mafuta ndani ambavyo kazi yake ni kuuua mdundo upesi usije ukazaa mwingine.

Sasa turudi kwa mkokoteni, twende mtaa wa Kawangware, mahali ambapo mambo haya yananihusu zaidi, kwani naona ni dhuluma kwamba maarifa yote hayo yalifanyiwa chuma na hayakufanyiwa mtu. Alfajiri mtu akisimama kando ya Barabara ya Naivasha atawaona mahamali wa mikokoteni wakipita mmoja baada ya mwingine, huyu na magunia ya viazi na kabichi za sokoni, huyu na mbao na mabati ya kujengea, na huyu na mitungi ya maji, ile ya plastiki ya lita 20, iliyopangwa safu juu ya safu kwa ajili ya nyumba ambazo mifereji yake imekauka. Tuchukue huyu wa maji tumpigie hesabu. Mitungi 20 ni lita 400, nazo ni kilo 400. Tukikadiria mkokoteni wenyewe kuwa kilo 100, basi mtu mmoja anazungusha nusu tani. Juu ya lami nzuri, tairi zikiwa zimejaa upepo, nusu tani hiyo haitaki nguvu kubwa, kilo 10 za kuvuta au pungufu; lakini barabara ikipanda mita moja tu katika kila mita 20, mwinuko ambao mwenye gari hauoni, zinaongezeka kilo 25; na akiingia katika udongo laini baada ya mvua, jumla yaweza kupita kilo 50 hata pasipo mlima. Hayo ni ya kuvuta tu, hatujasema ya kubeba.

Ya kubeba hutegemea mzigo umekaa wapi, na hapa ndipo kanuni ya sahani ya trela inaporudi kwa ukamilifu wake. Kitovu cha uzito kikikaa shubiri moja mbele ya ekseli, na mikono ya mvutaji ikiwa mita mbili mbele ya ekseli hiyo, basi pamoja na kuvuta atakuwa amebeba mikononi zaidi ya kilo 50 njia nzima, na kila shimo litazidisha kilo hizo kwa ghafula, na pigo hilo litapita viwikoni na mabegani mpaka katika pingili za uti wa mgongo. Kikikaa shubiri moja nyuma, balaa ni la namna nyingine: mikono ya mkokoteni itainuka na kumnyanyua, nyayo zitakosa mshiko ardhini, na katika mteremko chombo kitamshinda. Linalotakiwa ni kitovu kiwe mbele ya ekseli kwa upana wa vidole vichache tu, hata mikono ilemewe kidogo isiinuke, lakini isiwe mizigo. Mahamali wazoefu wanalijua jambo hili bila ya kufundishwa na mtu. Utawaona, kabla ya kuanza safari, wakiinua mikono ya chombo na kuishusha mara mbili tatu, kisha wakihamisha gunia moja nyuma au mtungi mmoja mbele, wakapima tena. Tendo hilo dogo ni sayansi timamu, na yeyote apakiaye mkokoteni wa mtu mwingine, hasa mwenye duka atakaye mzigo wake uondoke upesi, ana wajibu wa kumngojea amalize kupima.

Maji yana ziada ya ushari wake. Mtungi uliojaa hadi shingoni na kufungwa kifuniko hutulia kama jiwe, lakini mtungi wa nusu huwa na maji yatembeayo, ambayo mkokoteni ukisimama yenyewe huendelea mbele, na ukianza kwenda hubaki nyuma, yakimtingisha mvutaji kwa wakati asioutarajia. Malori ya mafuta yanayopita Southern Bypass hutengenezewa ndani kuta zenye matundu ili kuuvunja mwendo huo. Mwenye mkokoteni hana kuta hizo, lakini anaweza kukataa kuchukua mitungi minane ya nusu mahali pa minne iliyojaa, na mteja muungwana hatamlazimisha.

Kisha kuna upepo. John Boyd Dunlop, tabibu wa mifugo aliyekuwa akiishi Belfast, alipoisajili tairi yake ya hewa mwaka 1888, haja yake ya kwanza ilikuwa ni kumpunguzia mwanawe mitingisho ya baiskeli yake ya magurudumu matatu. Kwa hiyo tairi ile ilizaliwa kwa kusudi la faraja, na kwa mkokoteni, usio na springi hata moja, ndiyo faraja pekee iliyomo. Tairi ikijazwa kupita kiasi huwa ngumu, ikarudisha kila pigo la jiwe mikononi mwa hamali. Ikipungukiwa hubonyea na kuukamata udongo, na nusu tani yake ikawa kama tani nzima. Ubaya ulio mkubwa zaidi ni tairi moja kujaa na nyingine kulegea, kwani hapo chombo hupinda upande mmoja daima, na mtu hukinyoosha kwa kiuno chake toka asubuhi hadi magharibi. Shilingi chache za kujaziwa upepo, na grisi katika beringi ambazo aghalabu hukumbukwa pale tu zinapoanza kulia, ni tiba iliyo rahisi kuliko dawa za maumivu zinunuliwazo jioni.

Kuhusu kusimama, mahamali wa Nairobi wamebuni jambo linalostahili sifa. Mkiani mwa mkokoteni hupigiliwa vipande vya tairi kuukuu. Na katika mteremko mvutaji huinua mikono juu ili mkia ushuke na mpira usuguane na barabara, hata mwendo ukapungua. Ni breki ya kweli, isiyo na waya wala mafuta, lakini hutii iwapo tu uzito umepangwa ilivyoelezwa. Aliyeurundika mzigo wote mbele hawezi kuushusha mkia, na mteremko utamsukuma hadi chini.

Kwenye matuta, ambayo barabara zetu zimejaaliwa kwa wingi, dereva wa trela huambiwa apunguze mwendo na apite kwa unyoofu, ili magurudumu ya pande zote mbili yapande pamoja na trela lisipinde. Mwenye mkokoteni hafanyi hivyo, naye ana hoja: kwa kulikabili tuta kwa mshazari gurudumu moja hupanda kwanza, kisha la pili, na nguvu itakiwayo kwa mara moja hupungua. Namwunga mkono ikiwa mzigo ni wa chini, kama mitungi au saruji. Lakini magunia ya makaa yaliyopangwa kwenda juu yataegemea upande, na hapo ni heri aombe msukumo wa mtu nyuma, apite kwa unyoofu kama trela.

Lipo pengo moja ambalo mafundi wa jua kali wangeweza kulifunga, nalo ni la kati ya chombo na mwili. Watu wa pwani waliochukua mizigo kwa mzegazega, yaani mti wa begani wenye mzigo kila ncha, waliuchagua mti unaojipinda, kwa sababu mti unaonesa hulipunguza pigo la kila hatua kabla halijafika begani, na mti mgumu hulifikisha lote. Mkokoteni ni mti mgumu. Kipande cha tyubu kuukuu kikifungwa katikati ya mkanda wa kuvutia upitao kifuani, mvuto utafika kwa ulaini badala ya kwa mishtuko. Na springi za mabamba za pikapu iliyochakaa zikifungwa baina ya ekseli na kitanda, upande huu na upande ule, zitaongeza uzito kiasi na kukiinua chombo kidogo, lakini zitayapokea mapigo ambayo leo hupokewa na mifupa. Wanaotetea afya ya punda, kama shirika la Brooke, huwafundisha wenye mikokoteni ya punda kuusawazisha mzigo juu ya ekseli na kuweka kitambaa kinene chini ya matandiko na mikanda. Hakuna sababu ya fundisho hilo kukoma kwa mnyama.

Nasema hivi nikikumbuka kwamba matrela yamewekewa hata sheria. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 juu ya uzito wa magari inakataza jumla ipitayo tani 56 na ekseli zipitazo 7, na kule Mariakani na Mlolongo kuna mizani za kuwakamata wanaozidisha. Nayo ni haki, kwa sababu majaribio yaliyofanywa Illinois tangu 1958 hadi 1960 yalionyesha kwamba ekseli ikizidishiwa mzigo mara mbili huiumiza barabara takriban mara 16. Barabara imepata mtetezi. Mgongo wa hamali haukuwahi kupimwa kwenye mizani yoyote, wala simtakii mizani, kwani riziki yake ingekamatwa pamoja na mkokoteni, namtakia njia.

Na njia yenyewe haihitaji makuu. Katika Kibera, pale reli ya Kisumu inapokatiza kati ya nyumba, na katika Kawangware, pale mitaro ya maji machafu inapovuka vichochoro, gurudumu huanguka ghafula kimo cha nusu kiganja au zaidi, na anguko hilo moja huumiza kuliko mita mia za barabara mbovu. Fundi wa barabara, wa kaunti au wa mtaa, akikifunika kila kivuko cha mtaro kwa zege lililo sawa na uso wa njia, na kuijaza kokoto nafasi iliyo baina ya vyuma vya reli katika vivuko vinavyoruhusiwa, atakuwa ameiondoa mishtuko mikubwa kuliko yote katika safari ya maji kutoka bombani hadi mlangoni.