Lenzi Pana kwa Kamera ya Tawi: Ipi Itatufaa?



Matawi mengi ya chama yana kamera. Nyingine ni za filamu, zilizonunuliwa miaka mingi iliyopita na bado zinafanya kazi. Nyingine ni za kisasa zisizohitaji filamu. Na katika matawi mengine kamera ya tawi ni simu ya katibu tu. Kamera hizo tunazitoa siku ya Mei Mosi, siku ya mkutano mkuu, na siku ya kuwaaga wenzetu wanaostaafu. Hayo ni mema. Lakini kamera ina kazi nyingine iliyo kubwa zaidi, nayo ni kuonyesha mahali tunapofanyia kazi na mahali tunapolala, ili paonekane na watu ambao hawajafika huko. Mkaguzi wa kazi haji kila siku. Msuluhishi wa mgogoro huketi mjini. Watu hao hutegemea maneno yetu, hati zetu na picha zetu.

Mtu aliyewahi kupiga picha ndani ya kiwanda anaijua taabu yake. Unataka kuonyesha mkanda wa mashine usio na kinga, pamoja na mwenzetu anayesimama kando yake. Unarudi nyuma hatua moja, ya pili, kisha mgongo unagota ukutani. Katika picha unapata mkanda bila mtu, au mtu bila mkanda. Chumba cha kulala katika kambi ya shamba ni vivyo hivyo. Dawa ya taabu hiyo ni lenzi pana. Lakini lenzi pana ziko nyingi, na si kila iliyo pana inatufaa. Katika makala hii tunaeleza jinsi ya kuichagua.

NAMBA ILIYOANDIKWA KWENYE LENZI

Kila lenzi ya kamera ina namba ya milimita iliyoandikwa kwenye ukingo wake: 24, 28, 35, 50, na kuendelea. Kumbuka jambo moja tu: namba ikiwa ndogo, lenzi huona eneo pana zaidi, namba ikiwa kubwa, lenzi huona eneo jembamba na kuvuta vitu vya mbali.

Kamera ndogo ya filamu ya Leica ilipoanza kuuzwa mwaka 1925 huko Ujerumani, ilikuwa na lenzi ya milimita 50, na tangu hapo 50 ikahesabiwa kuwa lenzi ya kawaida. Zilizo chini ya hapo, kuanzia 35 kwenda chini, ndizo tunazoziita pana. Msomaji asichanganye namba hii na jina la filamu. Filamu ya milimita 35 huitwa hivyo kwa upana wa utepe wake. Picha yenyewe juu ya filamu hiyo ina upana wa milimita 36 na kimo cha milimita 24.

Hizo 36 zinatupa hesabu nyepesi ambayo kila mmoja wetu anaweza kuifanya kwa kalamu. Chukua 36, gawanya kwa namba ya lenzi, kisha zidisha kwa idadi ya mita kutoka kwako hadi kwenye kitu. Jibu ni upana wa eneo litakaloingia katika picha. Tuseme umesimama mita 3 kutoka ukutani, na kamera umeishika kwa ulalo:

Lenzi ya 50 itaona mita 2 na sentimita 16 za ukuta.
Lenzi ya 35 itaona kama mita 3 na sentimita 9.
Lenzi ya 28 itaona kama mita 3 na sentimita 86.
Lenzi ya 24 itaona mita 4 na nusu.
Lenzi ya 20 itaona mita 5 na sentimita 40.

Kabla ya kununua chochote, chukueni futi ya kupimia, nendeni mahali mnapotaka kupiga picha, mpime nafasi iliyopo ya kusimama, kisha mfanye hesabu hii. Muuza duka atasifu kila lenzi aliyo nayo. Hesabu yenu ndiyo itakayowaambia mnayoihitaji.

HATARI YA LENZI ILIYO PANA KUPITA KIASI

Hapa tunakiri kosa letu wenyewe, ili wengine wasilirudie. Wakati mmoja tulikwenda kupiga picha chumba cha wafanyakazi wa shamba. Kilikuwa na urefu wa mita 3 na upana wa mita 3, na ndani yake walilala watu sita. Tulikuwa tumeazima lenzi ya milimita 20, tukafurahi sana kwa sababu kila kitu kiliingia: vitanda, masanduku, jiko, hata pembe za dari. Picha ikapelekwa kwenye meza ya mazungumzo. Mwakilishi wa mwajiri akaitazama kwa muda, akasema, "Lakini chumba hiki ni kikubwa kuliko ofisi yangu." Hatukuwa na la kujibu. Katika picha ile, kweli, chumba kilionekana kama ukumbi.

Sababu ni hii. Ukuta ule wa mita 3, tukiwa tumesimama mita 3 mbali nao, ulijaza kidogo zaidi ya nusu tu ya upana wa picha. Sehemu iliyobaki ilikuwa kuta za pembeni. Kitanda kilichokuwa karibu nasi kilionekana kikubwa, na ukuta wa nyuma ukaonekana mdogo na wa mbali. Jicho la mtazamaji likaona kitu kikubwa hapa na kitu kidogo kule, likadhani kati yao kuna nafasi tele. Lenzi pana huingiza chumba chote katika picha, na papo hapo hukinyoosha chumba hicho. Tulitaka kuonyesha msongamano, tukaonyesha nafasi. Ni ufundi huohuo unaotumiwa katika matangazo ya nyumba na hoteli, ambapo chumba kidogo hupigwa picha kwa lenzi pana ili kimvutie mteja.

Kwa hiyo kanuni yetu ni hii: chagua lenzi yenye upana unaotosha kumwonyesha mtu, kitu na mahali kwa pamoja, na usizidishe hapo. Chumba chetu kile kingetoshwa na lenzi ya 35, ambayo ingeujaza ukuta wa nyuma kutoka pembe hadi pembe. Au ya 28, ambayo ingeonyesha ukuta huo pamoja na sehemu ya kuta za pembeni.

PIMA, ANDIKA

Hata lenzi nzuri haitoshi peke yake. Huko Marekani, kuanzia mwaka 1908, mpiga picha Lewis Hine aliajiriwa na Kamati ya Taifa ya Kazi za Watoto kupiga picha za watoto waliokuwa wakifanya kazi katika viwanda vya nguo, migodi ya makaa na viwanda vya kusindika vyakula. Mara nyingi aliwasimamisha watoto kando ya mashine, ili kimo cha mashine kionyeshe udogo wa mtoto. Pia aliandika umri, kimo na muda wa kazi. Novemba 1908, katika mji wa Lancaster, jimbo la South Carolina, alimpiga picha msichana mdogo mbele ya safu ndefu ya mashine za kusokota, akaandika kwamba kimo chake ni inchi 48 na kwamba amekwisha fanya kazi nusu mwaka. Inchi 48 ni kama sentimita 122. Picha peke yake ingeweza kubishiwa, lakini picha yenye kipimo na tarehe ilikuwa vigumu kuikataa. Picha hizo zilisaidia sana kampeni ya kupinga kazi za watoto, na mwaka 1938 nchi ile ikapata sheria ya taifa iliyoweka mipaka juu ya kazi hizo.

Nasi tufanye hivyo. Ndani ya kila picha ya chumba au mashine, weka kitu ambacho ukubwa wake unajulikana na watu wote: futi iliyofunguliwa, jembe, au mtu aliyesimama wima. Kisha andika vipimo, tarehe, mahali, na watu wangapi wanalala au kufanya kazi hapo. Pendekezo Namba 115 la mwaka 1961 la Shirika la Kazi Duniani, linalohusu nyumba za wafanyakazi, linataka kuwe na viwango vya chini vya nafasi kwa kila mtu au kila familia. Nafasi hupimwa kwa mita. Picha huonyesha, futi hushuhudia.

IPI TUNUNUE?

Tawi lenye uwezo wa kununua lenzi moja tu, tunalishauri linunue ya milimita 28. Inaingia katika vyumba vingi, inatosha kati ya mashine mbili, na haipotoshi sana. Tawi ambalo kazi yake kubwa ni mikutano na picha za watu litafaidika zaidi na 35. Lenzi ya 24 iwe ya mahali pembamba mno, na itumiwe kwa uangalifu. Zilizo chini ya hapo tuwaachie wenye kazi nyingine.

Wenye kamera za kisasa wajue jambo moja. Kamera nyingi za bei nafuu zina sehemu ya kupokea picha iliyo ndogo kuliko filamu. Kwa kamera hizo zidisha namba ya lenzi kwa moja na nusu ndipo upate upana wake halisi. Lenzi ya 28 hapo huona kama ya 42, yaani si pana tena. Ukitaka upana wa 28, tafuta lenzi ya 18 hivi.

Wenye simu nao wasikilize. Kamera kuu ya simu nyingi huona kama lenzi ya 24 hadi 28, nayo inatosha. Simu nyingine zina kamera ya pili iliyo pana mno, inayofunguka ukibonyeza alama ya 0.5. Hiyo huona kama lenzi ya 13 hivi, na ndiyo inayogeuza chumba kuwa ukumbi. Usiitumie kwa ushahidi.

Tazama pia namba ya mwanga, kwa sababu viwanda vingi vina giza. Lenzi iliyoandikwa 2.8 hupitisha mwanga mara mbili ya ile iliyoandikwa 4, na ya 2 hupitisha mara mbili ya 2.8. Namba ikiwa ndogo, lenzi inafaa zaidi gizani, ingawa bei nayo hupanda.

KUKAGUA LENZI ILIYOKWISHA TUMIKA

Wengi wetu tutanunua lenzi ya mtumba. Si vibaya, ila ikaguliwe.

Kwanza, hakikisha inaingia katika kamera yenu. Lenzi ya kamera ya namna moja mara nyingi haiingii katika ya namna nyingine. Pili, mulika tochi upande mmoja na uchungulie upande wa pili. Ukiona nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, huo ni ukungu, nao hupenda nchi zetu zenye joto na unyevu. Lenzi hiyo iache. Tatu, zungusha pete ya mwanga uone vibati vya ndani vinafunguka na kufunga upesi, bila kunata wala kuwa na mafuta. Nne, piga picha ya ukuta wa matofali ukiwa umesimama mbele yake sawasawa, kisha tazama pembe za picha: je, matofali ya pembeni ni dhahiri, na mistari yake imenyooka?

Lenzi ikishanunuliwa, iwekwe mahali pakavu penye hewa, isifungiwe miezi mingi ndani ya mfuko wa ngozi.

NAMNA YA KUITUMIA

Shika kamera sawasawa, usiielekeze juu wala chini, la sivyo kuta zitaonekana kama zinaanguka. Usimweke mtu ukingoni mwa picha, maana lenzi pana humpanua kichwa na mwili, naye hatapenda kujiona. Kwa lenzi ya 28 kwenye kamera ya filamu, weka mwanga kwenye 8 na umbali kwenye mita 3 na robo hivi. Kila kitu kuanzia kama mita 1 na sentimita 65 hadi mbali kabisa kitatoka vizuri. Pakiwa na giza na huna taa, mkono uliotulia unaweza kupiga kwa sehemu moja ya 30 ya sekunde.

Mwisho, na hili ni kubwa kuliko lenzi yenyewe: usalama wa watu. Usisogelee mashine inayozunguka huku mkanda wa kamera ukining'inia shingoni. Usimpige picha mwenzako bila ridhaa yake. Uso wake ukionekana, anaweza kuandamwa na msimamizi. Kama kanuni za kiwanda zinakataza kamera, jambo hilo lipitie kamati ya tawi, asibebe mzigo mtu mmoja. Na picha ya asili itunzwe na tawi bila kurekebishwa, maana ikitumwa kwa WhatsApp hupungua ubora na hupoteza tarehe iliyohifadhiwa ndani yake.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Picha yetu isidanganye, wala kwa kupunguza wala kwa kuongeza. Sisi tulirudi katika kile chumba tukiwa na lenzi ya 28, futi, na daftari. Picha ya pili haikuwa na dari wala pembe zote nne, lakini futi ilionekana sakafuni, na safari hii hakuna aliyekiita chumba kile ofisi.