Mzazi, Mwalimu na Msimu wa Korosho
(Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulieleza kazi za kamati ya shule: mipango, fedha na majengo. Leo tunautazama Umoja wa Wazazi na Walimu, maarufu kama UWAWA, ulio karibu zaidi na daftari la mtoto. Humo wazazi wa kila darasa huwa na wawakilishi wao, ambao hukaa na mwalimu kujadili nani ameacha kuja, nani bado hajui kusoma, na nyumbani kufanyike nini. Mkoa wa Lindi ulikuwa miongoni mwa mikoa ya mpango wa elimu wa EQUIP-Tanzania, uliofadhiliwa na Uingereza kuanzia 2014, uliouhimiza umoja huo.

Mbona basi mikutano yake hukosa watu katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani humo? Jibu la haraka ni kwamba wazazi hawana mwamko. Lakini tazama kalenda. Kuanzia Septemba korosho huokotwa, na Oktoba minada hupamba moto. Familia nyingi hushinda mashambani, wengine hulala hukohuko. Ni Oktoba hiyohiyo Darasa la Nne hujiandaa kwa upimaji wa kitaifa. Juni nayo ina ufuta, kisha likizo huja na jando na unyago.

Sababu nyingine ni ajenda. Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015 ulifuta ada na michango ya lazima, ila sare, madaftari na chakula vikabaki kwa mzazi. Mzazi anayeitwa shuleni kusikia madai tu hujifunza kutokwenda.

Kusini ina mfano wa zamani wa kushirikiana na kijiji badala ya kushindana nacho. Vincent Lucas, aliyekuwa Askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi mwaka 1926, hakulipiga vita jando. Alishauriana na wazee, likafanywa pamoja na mafundisho ya Kanisa. Mtu anaweza kuubishia uamuzi wake, lakini alitambua kuwa kijiji tayari kina walimu wake.

Kwa hiyo mkutano mkuu wa UWAWA ufanyike Agosti, kati ya ufuta na korosho. Uanze kwa watoto kusoma mbele ya wazazi, michango ifuate. Makungwi, walimu wa unyago, waalikwe kupanga tarehe za unyago zisizogusa masomo. Na msimu wa minada, mwalimu aombe nafasi kwenye mkutano wa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, ambako wakulima hawakosi.

Sehemu ya tatu itahusu chakula cha mchana shuleni.