Maumivu ya kisigino: si kila mfupa ulioota ni wa kukatwa

Picha ya eksirei ndiyo huwaponza wengi. Mtu ameteseka miezi kwa maumivu ya kisigino, anapigwa picha, na chini ya mfupa kinaonekana kijipembe kilichochomoza kuelekea vidoleni. Anaambiwa mfupa umeota. Tangu siku hiyo haoni dawa nyingine ila ukatwe. Lakini vijipembe vya namna hiyo wanavyo watu wengi ambao hawajawahi kulalamikia kisigino, na wapo wanaochechemea kila asubuhi ilhali picha zao ni safi.

Tatizo mara nyingi liko kwenye utando mnene wa nyuzi uliolala chini ya unyayo, kuanzia upande wa ndani wa mfupa wa kisigino hadi kwenye mashina ya vidole. Vua kiatu, shika dole gumba la mguu, ulivute juu. Upinde wa unyayo utainuka, na ukipapasa utausikia utando umekaza kama ugwe. Mwaka 1954 mtafiti J. H. Hicks alieleza maana yake: kila unaponyanyua kisigino kupiga hatua, vidole hujikunja, utando hukazwa, na unyayo hupata ugumu wa kuisukuma ardhi. Anayesimama kutwa kwenye sakafu ya saruji, mwenye uzito mkubwa na mkimbiaji aliyeongeza kilomita ghafla, wote huuchosha pale pale unaposhikamana na mfupa.

Kwa muda mrefu ugonjwa huu ulihesabiwa kuwa ni uvimbe. Mwaka 2003 Harvey Lemont na wenzake wa Marekani walipitia sampuli za wagonjwa 50 waliopasuliwa, wakakuta nyuzi zilizochakaa, bila dalili za uvimbe. Ndiyo maana vidonge vya kutuliza uvimbe huleta nafuu ya muda tu. Sindano ya steroidi nayo hupoza, lakini ikirudiwarudiwa inaweza kuuchana utando au kuyasinyaza mafuta yanayokinga kisigino.

Kati ya wagonjwa 10, wanane au tisa hupona bila kisu, ingawa wengine hungoja karibu mwaka mzima. Zoezi lenye manufaa halina gharama: kabla ya kukanyaga chini asubuhi, pandisha mguu juu ya goti la pili, vuta vidole kuelekea ugokoni, hesabu hadi 10, rudia mara 10. Utafiti wa Benedict DiGiovanni na wenzake, uliochapishwa pia mwaka 2003, ulionyesha kwamba zoezi hilo lilileta nafuu kubwa kuliko lile la kuegemea ukuta na kunyoosha nyuma ya mguu.

Wanaobaki na maumivu baada ya miezi 6 hadi 12 ya matibabu ya dhati ndio wanaofikiriwa upasuaji. Hapo ustadi wa daktari uko katika kukata kidogo. Hukatwa sehemu ya ndani ya utando, isizidi nusu. Ukikatwa wote, upinde wa unyayo hulala, uzito huhamia ukingo wa nje, na mgonjwa hubadilishiwa maumivu badala ya kuondolewa. Tangu mwaka 1991, Stephen Barrett na Stephen Day walipoeleza njia ya kutumia kamera ndogo, kazi hii inaweza kufanywa kwa tundu dogo pembeni mwa kisigino. Kijipembe chenyewe mara nyingi huachwa kilipo.

Wapo wenye chanzo juu zaidi, kwenye kigimbi. Kipimo chake kina jina la Nils Silfverskiöld, daktari wa mifupa wa Sweden aliyekuwa pia katika timu ya sarakasi za viungo ya nchi yake kwenye Olimpiki ya 1912. Daktari huukunja wayo kuelekea juu, goti likiwa limenyooka, kisha limekunjwa. Ukigoma goti likinyooka na kukubali likikunjwa, msuli wa kigimbi ni mfupi. Kuurefusha kwa upasuaji huupunguzia unyayo mvuto bila kugusa upinde, na kwangu hiyo ni hoja nzito, japokuwa mguu unaweza kupungukiwa nguvu ya kusukuma kwa muda.

Njia zote mbili zina hatari zake: mshipa wa fahamu kujeruhiwa na kuacha ganzi, kidonda kuoza, au maumivu kubaki yalivyokuwa. Mwenye kisukari lazima sukari yake iwe imedhibitiwa kwanza. Na anayeishi kwa kusimama, kama mwalimu, mlinzi au mama lishe, ajipange kwa wiki kadhaa, pengine miezi, kabla ya kurudi kazini kikamilifu.

Kwa hiyo ukiahidiwa kukatwa mfupa baada ya wiki chache tu za maumivu, uliza ni utando au kigimbi kinachokusumbua, kimepimwaje, na matibabu gani yamejaribiwa. Ukikosa majibu, tafuta daktari wa pili kabla ya kusaini fomu.