Wakaaji wa Kasongo na Kabambare: imani isiyohama

Gurudumu la chuma la lori bovu, lililofungwa kamba kwenye tawi la mwembe, ndilo kengele ya kanisa katika vijiji vingi vya Kabambare, mkoani Maniema, mashariki mwa Kongo. Jumapili alfajiri mkatekista huligonga kwa nondo, akanyamaza kidogo, akaligonga tena. Mlio unapita juu ya mashamba ya mpunga na michikichi, na watu wanaanza kujitokeza njiani: mama amebeba mtoto mgongoni na kigoda kichwani, vijana wamevaa skafu za Xaveri na Kiro, vyama vyao vya Kanisa, mzee anatembea polepole na rozari mkononi.

Padri hayupo. Yuko parokiani, mwendo wa siku nzima au zaidi kwa baiskeli au pikipiki, na mvua zikizidi njia hukatika. Watu wanakuja hata hivyo. Masomo yanasomwa kwa Kiswahili, mkatekista anayafafanua, kwaya inaimba, wagonjwa wanatajwa kwa majina. Mwishoni kapu la matoleo linapita. Noti za faranga ni chache humo ndani. Kilicho kingi ni kopo la mchele, ndizi, kipande cha muhogo, chupa ndogo ya mawese.

Mjini Kasongo kuna redio ya jamii iitwayo Sauti ya Mkaaji. Kwa Kiswahili cha Maniema, mkaaji ni mwenyeji, raia, mtu wa hapa. Neno lenyewe limezaliwa na kitenzi kukaa, na katika nchi ambayo vizazi kadhaa vimefukuzwa majumbani mwao, kukaa ni jambo zito. Nimefuatilia historia ya Wakristo wa kusini mwa Maniema kwa muda, na kila nikirudi kwenye swali la nini kiliwashikilia, jibu linaniangukia kwenye neno hilo. Imani yao imebebwa na watu waliokaa, pamoja na wale waliokimbia lakini wakakaa pamoja hata huko porini.

Njia ya minyororo

Kabla ya kuwa na kanisa, Kasongo na Kabambare zilikuwa vituo vya njia. Misafara ilitoka Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika, ikapita Kabambare hadi Kasongo na Nyangwe kwenye kingo za Lualaba, kutafuta pembe za ndovu na watumwa. Tangu mwaka 1875 hivi, Hamed bin Muhammed, anayejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip, aliifanya Kasongo kuwa makao yake. Kiswahili kilifika huko kwa njia hiyohiyo, kikiwa lugha ya wafanyabiashara, wapagazi na mateka.

David Livingstone alikwama Kabambare, aliyoiandika Bambarre, kwa miezi mingi kati ya mwaka 1870 na 1871. Vidonda vya miguu vilimzuia hata kutembea. Katika shajara yake aliandika kwamba alipokuwa Manyuema, yaani Maniema, aliisoma Biblia yote mara nne. Tarehe 15 Julai 1871, akiwa Nyangwe, alishuhudia watu wenye bunduki wakiufyatulia risasi umati uliokuja sokoni, wengi wao wanawake. Waliokufa walikadiriwa kuwa mia kadhaa, kwa risasi na kwa kuzama mtoni. Habari hiyo ilipofika Uingereza ilichochea hasira iliyosaidia kufunga soko la watumwa la Unguja mwaka 1873.

Kasongo ilitekwa na majeshi ya Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold II tarehe 22 Aprili 1893. Kwa mkaaji wa kawaida, ukombozi haukuja siku hiyo. Aliyekuwa akitozwa pembe akaanza kutozwa mpira na kazi ya shuruti. Ni katika majeraha hayo mawili, ya mnyororo na ya kiboko, Mapadri Weupe walipoingia wakitokea vituo vyao vya Ziwa Tanganyika. Lavigerie, askofu mkuu wa Algiers, aliliasisi shirika lao mwaka 1868, na baadaye akawa sauti kubwa huko Ulaya dhidi ya biashara ya watumwa Afrika.

Kiswahili kilichokuwa kimeshuka na misafara kikawa lugha ya katekisimu, ya Baba Yetu na ya maungamo. Neno bwana, ambalo babu alilitamka kwa hofu, mjukuu alijifunza kulitamka kwa kupiga magoti kwa hiari. Naliona badiliko hilo kuwa moja ya mambo makubwa yaliyowahi kutokea kwenye lugha yetu, na lilifanyika vijijini, midomoni mwa wakatekista ambao majina yao hayamo katika vitabu vingi.

Shirika la mtaa

Kasongo ilifanywa vikariati ya kitume mwaka 1952, chini ya Askofu Richard Cleire wa Mapadri Weupe. Tarehe 10 Novemba 1959, pamoja na vikariati nyingine za Kongo ya Kibelgiji, ikawa jimbo kamili. Karibu miezi minane baadaye nchi ikapata uhuru, na mara machafuko yakaanza.

Mwaka 1961, katika moto huohuo, maaskofu wa Kongo walikutana Léopoldville na kufanya uamuzi ambao matunda yake yanaonekana hadi leo: parokia isimame juu ya jumuiya ndogo za waamini wanaojuana, wanaosali pamoja na kusaidiana. Wasomaji wa Tanzania, Kenya na Uganda wanazifahamu kwa jina la jumuiya ndogondogo, zilizopewa kipaumbele na maaskofu wa Afrika Mashariki katika miaka ya 1970. Mashariki mwa Kongo wengi huziita shirika. Ukimuuliza mtu ni wa shirika gani, umemuuliza ni nani atakayemjia akifiwa.

Uamuzi ule ulikuja kwa wakati. Mwaka 1964 uasi wa Simba uliikumba Maniema, na mapadri na masista wakawa miongoni mwa walioshikwa na kuuawa mashariki mwa nchi. Upande wa pili wa mpaka wa Kabambare, katika Fizi, tarehe 28 Novemba 1964, waasi walisimamisha gari mbele ya kanisa la Baraka. Bruda Vittorio Faccin alikataa kupanda, akapigwa risasi. Padri Luigi Carrara, aliyekuwa akiungamisha, alitoka, akapiga magoti kando ya mwenzake, naye akauawa hapohapo. Jioni hiyo waliofuata ni Padri Giovanni Didonè na Abe Albert Joubert, katika misheni ya Fizi.

Albert Joubert alikuwa mtoto wa ardhi hii. Baba yake alikuwa Kapteni Léopold Joubert, Mfaransa aliyekuja kulinda vijiji vya Ziwa Tanganyika dhidi ya wateka watumwa. Mama yake alikuwa Mkongomani. Ndani ya mtu mmoja, njia ya minyororo na njia ya Injili zilikutana. Tarehe 18 Agosti 2024, miaka karibu 60 baada ya risasi zile, Kardinali Fridolin Ambongo aliongoza Misa mjini Uvira ambamo wanne hao walitangazwa wenye heri. Kwa Wakristo wa Fizi na wa Kabambare, hao ni watu wa jirani: wazee wanayajua makanisa yao na njia zao.

Jina, shule na msalaba

Ugumu uliofuata haukuwa wa risasi. Katika miaka ya 1970 utawala wa Mobutu uliwataka raia waache majina ya Kikristo ya kigeni. Mwaka 1974 Krismasi iliondolewa kwenye orodha ya sikukuu za taifa, na mwishoni mwa mwaka huohuo shule za makanisa zikatwaliwa na serikali, hadi zilipoanza kurudishwa kwa makubaliano ya mwaka 1977. Vyama vya vijana wa Kanisa vilitakiwa vitoe nafasi kwa tawi la vijana la chama tawala.

Mambo haya yangeweza kulivunja Kanisa lililotegemea majengo na vyeti. Lakini chama kingeweza kuichukua shule, kisingeweza kuuchukua ua wa mama anayewaita majirani kusali rozari jioni. Huko ndiko katekisimu iliendelea.

Macho yaliyolia

Mwaka 1986 Kasongo ilimpata askofu mwandamizi Mjesuiti aliyezaliwa Burhale, Kivu: Christophe Munzihirwa. Mwaka 1990 akamrithi Askofu Timothée Pirigisha kuliongoza jimbo. Waliomjua wanamkumbuka kwa maisha ya kawaida na kwa kutoogopa wenye vyeo. Mwaka 1994 alifanywa Askofu Mkuu wa Bukavu, na miezi michache baadaye mamia ya maelfu ya wakimbizi walimiminika kutoka Rwanda. Huko watu walimwita Muzee.

Alipoona vita inakuja aliandika, akasihi, akaonya. Mji ulipozingirwa mwezi Oktoba 1996 na wakubwa wengi wakaondoka, yeye alikaa. Kwenye redio aliwaomba watu wasimame imara katika upendo. Tarehe 29 Oktoba alikamatwa na askari njiani akiwa ndani ya gari lake. Alishuka akiwa ameshika msalaba wake, akauawa. Kuna neno lake linalorudiwa sana, kwamba yapo mambo ambayo huonekana tu kwa macho yaliyolia. Aliyesema hivyo alikuwa ametoka kuishi na watu wa Kasongo miaka minane, na mimi naamini sehemu ya maono hayo aliipata huko.

Jimbo aliloliacha lilikuwa mikononi mwa Askofu Théophile Kaboy tangu mwaka 1995, na lilikuwa karibu kuingia katika miaka yake mibaya kuliko yote. Kuanzia mwaka 1998 hadi 2003, waasi wa RCD waliushika mji wa Kasongo na vituo vikubwa, huku wapiganaji wa Mai-Mai wakiyashika mapori yanayouzunguka. Mkaaji alibanwa katikati: akitoka mjini anaitwa mpelelezi, akirudi anaitwa mpelelezi. Misheni ziliporwa. Baiskeli, mbuzi, dawa, hata nguo, vilichukuliwa. Chumvi na sabuni vikawa mali ya thamani. Familia nyingi ziliishi msituni kwa miezi, nyingine kwa miaka, na amani iliporudi kidogo watu walitoka porini wamekonda, wamevaa matambara.

Nani aliongoza sala huko msituni? Wakatekista na mama wa shirika. Walikuwa wamezoea kusali bila padri. Wakajifunza kusali bila kanisa. Kilichowashikilia ni uzoefu wa kila Jumapili wa tangu zamani: kujua zaburi kwa moyo, kujua jirani kwa jina, kugawana kidogo kilichopo. Watu hawajifunzi mambo hayo siku ya vita. Huifikia siku hiyo wakiwa wameshayazoea.

Dhahabu na jirani

Karne hii mpya imeleta jaribu la namna nyingine. Karibu na Salamabila, katika Kabambare, upo mgodi wa dhahabu wa Namoya. Kampuni ya Banro ya Kanada ilianza uzalishaji wa kibiashara hapo Januari 2016, na mwaka 2019 ikasimamisha kazi kwa sababu ya usalama mbovu. Katika miaka hiyo mapigano kati ya wapiganaji wa eneo hilo na jeshi yaliwafukuza wakaaji mara kwa mara. Vijana huacha shule kwenda kuchimba, na viti vya kwaya hubaki wazi. Askofu Placide Lubamba, wa Mapadri Weupe, aliyeteuliwa mwaka 2014, analiongoza jimbo lenye jeraha hilo bichi.

Na hapa lazima nitaje majirani. Maniema ni kitovu cha Uislamu nchini Kongo. Adhana ya Kasongo ni ya zamani kuliko kengele yake. Katika ukoo mmoja utamkuta Hamisi na Petro, na kwenye matanga wote wanakaa jamvi moja. Vita vilipokuja havikuuliza dini, na msitu uliwapokea wote. Kwa hiyo ninaposema imani ya Kasongo, najua imelelewa pamoja na imani ya jirani, kwenye sufuria moja ya sombe.

Tukiyasema haya tusiwapambe watu kwa uvumilivu wao kana kwamba mateso ni kipaji. Mkatekista anahitaji baiskeli nzima, kitabu, na mtu wa kumlimia shamba akiwa safarini. Barabara inahitaji kutengenezwa, na mtoto wa Salamabila anahitaji mwalimu anayelipwa. Watu waliolibeba Kanisa mabegani wamestahili Kanisa na serikali viwabebe nao.

Kijijini ibada inakaribia kwisha; ni karibu saa tano asubuhi. Kapu la matoleo bado liko mbele ya altare: mchele, ndizi, muhogo, mawese. Katika vijiji vya Maniema wanaokimbia vita huishia zaidi majumbani mwa wenyeji kuliko kambini, na kila shirika linajua ni nyumba zipi zimepokea wageni. Baada ya baraka, akina mama wawili wanalifunika kapu kwa kitenge, mmoja anajitwika, wanashika njia kuelekea nyumba ya mwisho ya kijiji, ambako kuna familia iliyofika juzi usiku. Mlangoni watapiga hodi, na sauti ya mwenye nyumba itawaitikia kutoka ndani, kama ilivyowaitikia wageni wale: karibuni, kaeni.