Mafunzo ya Kumhudumia Mtoto Mchanga Yasisubiri Mlipuko Upite

Ugonjwa wa virusi ukiingia nchini, mafunzo kazini ni miongoni mwa mambo yanayofutwa mwanzo. Semina ni mkusanyiko, na mkusanyiko ndio unaokatazwa. Tanzania ilipotangaza mgonjwa wake wa kwanza wa UVIKO-19, Machi 16, 2020, hoja hiyo ilikuwa na uzito wake. Lakini uchungu wa uzazi hauahirishwi. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Tumbi, Kibaha, ambayo wengi huijua kwa majeruhi wa barabara ya Morogoro, hupokea pia wajawazito, kama zahanati za vijiji vya Kisarawe. Takriban mtoto mmoja kati ya kumi huhitaji msaada wa namna fulani ili aanze kupumua. Uchunguzi uliofanyika katika hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, ulionyesha kuwa kila sekunde 30 za kuchelewa kumpumulisha kwa ambu bagi, mfuko wa kusukuma hewa kwa mkono, huongeza kwa asilimia 16 hatari ya kufa au kulazwa muda mrefu.

Haydom hiyohiyo inatufundisha ni mafunzo gani yanayookoa. Aprili 2010 wahudumu walipewa mafunzo ya siku moja kwa kutumia mwanasesere wa mazoezi. Miezi kadhaa baadaye walipopimwa walimhudumia mwanasesere vizuri zaidi, ila huduma kwa watoto halisi haikubadilika. Kuanzia 2011 utaratibu ukageuzwa: mazoezi ya dakika tatu hadi tano kila wiki, humohumo wodini. Vifo ndani ya saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Kwa hiyo semina tunayoililia mlipuko unapoifuta ilikuwa dhaifu hata kabla ya virusi. Mazoezi mafupi hayahitaji ukumbi wala basi. Wanaoyafanya ni wakunga wawili watatu wa zamu moja, ambao tayari wanavuta hewa ya chumba kimoja.

Wapo watakaosema intaneti inatosha. Kwa maelekezo yanayobadilika kila wiki, inatosha kweli. Lakini barakoa ya ambu bagi inayovujisha hewa hugunduliwa kwa mkono na kwa kutazama kifua kisichoinuka, na hilo halifundishwi kwenye kioo cha simu. Wengine watasema wahudumu wamezidiwa. Ni kweli, na ndiyo maana nazungumzia dakika tatu wakati wa kukabidhiana zamu. Kikwazo kikubwa, nadhani, ni kwamba mazoezi ya namna hii hayana posho, na jambo lisilo na posho hukosa msimamizi.

Pingamizi zito zaidi linahusu huduma yenyewe: je, kumweka mtoto ngozi kwa ngozi na mama mwenye virusi si kumwambukiza? Mwaka 2020 hospitali nyingi duniani ziliwatenganisha, ingawa Shirika la Afya Duniani lilishauri wasitenganishwe. Utafiti wa nchi tano, Muhimbili ikiwa kituo kimojawapo, uliochapishwa 2021, uliona kuwa huduma ya kangaruu, yaani mtoto kukaa ngozi kwa ngozi na mama, ikianza mara tu baada ya kuzaliwa hupunguza kwa robo vifo vya watoto wenye uzito mdogo. Makadirio mengine ya mwaka huo, kwa nchi za kipato cha chini na cha kati, yalisema huduma hiyo ikiwafikia wote ingeokoa watoto zaidi ya 125,000, huku vifo vya watoto wachanga kutokana na UVIKO vikiwa chini ya 2,000.

Hesabu hiyo lakini ni ya UVIKO peke yake. Marburg, iliyozuka Kagera 2023, huambukiza kwa damu na majimaji ya mwili, na vifo vyake ni vingi mno kwa kulinganisha; huko kugusana ndiyo njia ya ugonjwa, na kunyonyesha kunahitaji uamuzi mwingine kabisa. Mkunga aliyekariri kwamba mama na mtoto hawatenganishwi kamwe anaweza kujiponza na kumponza mtoto. Kwa hiyo zoezi la kila wiki, Tumbi au Kisarawe, lianze na swali la virusi gani vinashukiwa na vinapitia wapi, kisha glavu zivaliwe, ndipo mwanasesere achukuliwe.