Kuunga mshipi wa kusuka na nailoni nyembamba: tuchague fundo gani?



Katika kooperative nyingi za pembeni ya Ziwa Tanganyika, kuanzia Uvira mpaka Baraka na Kalemie, mwenye shamba la muhogo ndiye huyo huyo anayeshuka ziwani usiku na mshipi wa mkono. Kwa hiyo mutatusamehe kama mara hii hatusemi juu ya mbegu wala mbolea. Tunasema juu ya fundo. Swali limetufikia mara nyingi: mshipi wa kusuka ni mpya, uko na nguvu, bei yake iko juu, lakini samaki anaondoka na ndoana. Kwa nini?

Mara nyingi mshipi hauna kosa. Kosa liko pale unapoungana na nailoni.

Sababu ya kuunga vitu viwili ni hii. Mshipi wa kusuka hauvutiki, kwa hiyo mukono unasikia samaki akigusa chambo hata chini sana. Lakini unaonekana ndani ya maji, na maji ya Tanganyika ni maangavu. Mukeke na kuhe wanauona. Tena nyuzi zake ndogo ndogo zinalika haraka zikisugua jiwe. Nailoni haionekani sana, inavumilia jiwe vizuri zaidi, na inavutika kidogo samaki anaporuka. Ndiyo maana mbele ya mshipi tunaweka nailoni ya urefu wa mita moja na nusu au mbili, na ndoana inafungwa pale.

Nailoni hiyo iwe dhaifu kuliko mshipi. Wengine wanashangaa tukisema hivi. Kama mshipi unabeba kilo 15, nailoni ya kilo 6 ao 8 inatosha kwa mukeke. Ndoana ikikwama kwenye mawe, nailoni itakatika yenyewe, na mutapoteza ndoana moja na kipande kidogo. Kama nailoni ni ngumu kuliko mshipi, mshipi ndio utakatika, pengine mita 40 chini, na pesa ya miezi inabaki ziwani. Kwa sangala mkubwa, hapana: huyo anataka nailoni nene, maana vifuniko vya mashavu yake vina makali yanayosugua.

Sasa fundo. Mshipi wa kusuka unateleza kama sabuni. Mafundo tuliyozoea kwa nailoni na nailoni yanashika kwa sababu nyuzi mbili zinabanana. Huu mwingine unapita tu katikati. Na ukishika kwa nguvu, unakata: ni mwembamba na mgumu, na nailoni ni laini. Fundo zuri linapaswa kuzuia mambo yote mawili, kuteleza na kukata, na njia ni ile ile: mizunguko mingi, ili nguvu igawanyike.

Fundo la kwanza tunalolipendekeza ni vitanzi viwili vinavyokutana. Lazeni ncha ya mshipi na ncha ya nailoni sambamba, kila moja ikielekea upande wa mwenzake, zikipitana kwa shubiri moja na zaidi. Chukueni ncha ya mshipi, mui­rudishe nyuma ifanye kitanzi, kisha muipitishe ndani ya kitanzi hicho mukizungusha nyuzi zote mbili mara 8. Vuteni ncha polepole mpaka fundo lifunge, lakini lisikazwe kabisa. Fanyeni vile vile na ncha ya nailoni, mara 5 tu. Sasa lowesheni yote kwa mate ao maji, na muvute mshipi huku na nailoni kule: mafundo mawili yatatembea mpaka yakutane. Hapo ndipo munakaza. Mtu mwenye mikono ya baridi, kwenye mtumbwi unaotikisika, na taa moja tu, anaweza kulifanya. Kwetu hiyo ni sifa kubwa kuliko kilo moja ya nguvu zaidi.

La pili ni rahisi kuliko hilo. Wekeni mshipi na nailoni pamoja, zipitane kama sentimita 20, fanyeni kitanzi kimoja cha nyuzi zote mbili, na mupitishe ncha ya mshipi pamoja na nailoni nzima ndani ya kitanzi mara 3. Lowesheni, kisha vuteni nyuzi zote nne kwa pamoja. Shida yake ni moja: nailoni yote inapita ndani ya kitanzi, kwa hiyo mulifanye kabla ya kufunga ndoana. Linafaa kama unene wa nyuzi mbili unakaribiana.

Kama nailoni ni nene kuliko mshipi, kunjeni nailoni iwe kitanzi, pitisheni mshipi ndani, muuzungushe juu ya nyuzi mbili za kitanzi mara 7 kwenda mbele na mara 7 kurudi, kisha utoke kwa upande ule ule ulioingilia. Hili ni la watu wa sangala.

Kuna pia lile fundo ambalo nailoni haipindwi hata kidogo. Mshipi ndio unaisuka kushoto na kulia kama mara 20. Lina sifa, ni jembamba na lina nguvu sana. Lakini linataka nailoni nene kuliko mshipi, na linataka nyuzi zikazwe wakati wote wa kufunga. Kwa nailoni nyembamba na kazi ya usiku, sisi hatulishauri.

Kuhusu kulowesha: musidharau. Nailoni ikikazwa kavu inajisugua, inapata moto, na pale pale inapoteza nguvu, hata kama jicho halioni kitu. Na musichome ncha ya mshipi kwa kiberiti karibu na fundo. Kateni kwa wembe, mukiacha milimita 2 ao 3.

Mshipi ukirudi bila ndoana, musiutupe kabla ya kutazama ncha. Ncha ya nailoni ikiwa imejikunja kama mkia wa nguruwe, fundo limeteleza: ongezeni mizunguko. Ikiwa imekatika sawasawa karibu na fundo, mshipi uliikata ao ilikazwa kavu. Ikiwa imechanika na kukwaruzika, ni jiwe ao samaki, na fundo halina lawama.

Kujaribu si kazi. Fungeni mafundo mawili tofauti, myaloweshe ndani ya maji kwa nusu saa, kwa kuwa nailoni iliyolowa ni dhaifu kidogo kuliko kavu. Fungeni mshipi kwenye tawi na bidoni tupu ya litre 20 chini ya nailoni, karibu na udongo ili isipasuke ikianguka. Mimineni maji litre moja moja: kila litre ni kilo moja, na bidoni yenyewe ni karibu kilo moja. Fundo likikatika, andikeni kilo. Rudieni mara tatu kwa kila fundo, maana mara moja inaweza kudanganya. Mkutano wa kooperative ni mahali pazuri pa kufanya hivyo, kila mmoja na fundo lake.

Na ndoana ikikwama, musizungushe mshipi wa kusuka kwenye mukono. Unakata nyama mpaka mfupa. Uzungusheni kwenye kafi ao kipande cha mti, muvute polepole mpaka nailoni iachilie. Vipande vya nailoni vinavyobaki viwekeni ndani ya kopo mpaka ng'ambo. Haviozi, na vikiachwa majini vinaendelea kunasa samaki na ndege.